Jinsi ya Kukubaliwa na Ndege wa Ndundu

Mwongozo kwa mwenye nyumba ya shamba, kamera na subira

Ukimaliza kupaua nyumba yako ya shamba Ndundu, usijihesabu mwenyeji. Mnana walishagawana makuti ya minazi kabla hujapima kiwanja, furukombe anamiliki ukingo wa mto tangu enzi za kivuko, na bundi amehamia darini bila kulipa kodi. Wote hao wameshakuona. Wanajua unaamka saa ngapi, kama unafuga paka, na mlango wako wa uani ukifunguliwa hutoka mtu mwenye makombo au mtu mwenye manati. Kabla ya kununua lenzi, safisha kwanza jina lako mbele yao.

Watu wengi wanaijua Ndundu kwa kuipita tu. Basi la Lindi au Mtwara linavuka Daraja la Mkapa, karibu mita 970 za zege juu ya mto Rufiji, na abiria aliyesinzia hajui hata kama mto umepita. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 palikuwa na pantoni, na aliyeisubiri alipata muda wa kuwatazama ndege wa ukingoni mpaka akachoka. Daraja lilituondolea adha kubwa, likaondoka pia na muda wa kutazama. Kanuni zifuatazo ni za kuurudisha muda huo.

Kanuni ya 1: Piga hodi kwa watu kabla ya ndege

Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika kipindi kizito mwaka 2016 na 2017, viongozi wa vijiji na askari polisi walipouawa mmoja baada ya mwingine. Watu hawajasahau. Mgeni anayejikunyata kichakani alfajiri, ameshika kitu cheusi kirefu na kukielekeza upande wa nyumba za watu, haonekani mpenda ndege hata kidogo.

Kwa hiyo anza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Vua kofia, sema: “Shikamoo mzee, naitwa fulani, nimejenga pale karibu na mkorosho mkubwa, napenda kupiga picha za ndege.” Mwoneshe kamera, mpe aangalie mwenyewe kupitia lenzi, mwachie namba ya simu. Atacheka kwamba mtu mzima ameacha shughuli zake kumfuata shore; cheka naye. Kicheko hicho ndicho kibali chako, kwa sababu jioni hiyo kitongoji kizima kitajua kwamba yule mwenye lenzi ndefu ni mtu wa ndege tu. Darajani usisimame kupiga picha. Ni njia kuu, mabasi hayana subira, na daraja ni mali inayolindwa.

Kanuni ya 2: Jezi ibaki kabatini

Ndege wanaona rangi vizuri kuliko sisi, na wengi wao huona hata mwanga wa urujuanimno ambao jicho la binadamu halina habari nao. Jezi nyekundu ya Simba na ile ya njano na kijani ya Yanga zisubiri siku ya mechi. Vaa kahawia, kijivu au kijani kilichopauka, na kofia ya kukufunika uso. Ila usikimbilie mavazi ya mabaka kwa kudhani ndiyo ya kitaalamu: sheria ya Tanzania inamkataza raia kuvaa sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na ndege hakuulizi mabaka. Anakuuliza utulivu. Mtu aliyevaa shati jeupe akakaa kimya nusu saa atapata picha nyingi kuliko aliyejifunika majani huku akihangaika na simu.

Kanuni ya 3: Uani pawe mahali ambapo ndege angepachagua mwenyewe

Maji ndiyo mwaliko wa kwanza. Chukua kigae kipana cha chungu kilichovunjika au beseni lisilo na kina, tia maji ya kina cha vidole viwili, weka jiwe katikati pa kutua, kisha liweke mita chache kutoka kwenye kichaka ili mnywaji apate pa kukimbilia mwewe akipita. Badilisha maji kila siku, la sivyo unafuga mbu. Ndani ya siku chache atakuja shorewanda, kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia. Watafuata hua na tetere, halafu chiriku.

Mwaliko wa pili baada ya maji ni mgomba. Ua lake la zambarau linapoanza kufunguka, chozi hulining’inia na kuchovya mdomo wake uliopinda mchana kutwa. Ukikata migomba yote kwa sababu inachafua uwanja, umemfukuza chozi. Vilevile usikate tawi kavu la mwembe. Macho yako yanaona kuni, lakini keremkerem anaona kituo cha kukamatia nyuki, na kwako wewe mpiga picha hilo ndilo tawi bora kuliko yote, maana halina jani hata moja la kukuzibia.

Paka alale ndani alfajiri na jioni. Takataka zifunikwe. Kunguru mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akatapakaa pwani nzima, naye hula mayai na makinda ya ndege wengine. Jalala lako likiwa wazi, wewe ndiye unayemlisha. Usimchanganye tu na kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe.

Kanuni ya 4: Panda dungu, ukae kimya, ufundishwe

Wageni hununua mahema ya kujifichia kwa pesa nyingi. Rufiji tayari ina dungu. Ni kibanda cha miti na makuti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ambamo mkulima anaishi msimu wa mpunga ili mafuriko yapite chini yake, nguruwe pori asikiwe usiku, na ndege waonekane kunapopambazuka. Ukiwa juu hapo unalingana kimo na vichaka, upepo unakupoza, na ndege wamekizoea kibanda.

Kumbuka dungu lilijengwa kwa vita. Mpunga ukishatia maziwa, wanawake, wazee na watoto huamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi, kwa teo, debe na kamba ndefu zilizofungwa makopo. Adui mkuu ni kwelea. Ana uzito wa kiasi cha gramu 20 tu, lakini hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku; kundi la milioni moja linamaliza tani 10 kabla jua halijazama. Mtu anayepigania gunia lake la mwisho usimhubirie mapenzi ya ndege. Mwombe umsaidie kuvuta kamba ya makopo saa moja, kisha uliza maswali.

Ukiuliza vizuri utashangaa. Anayewafukuza ndege ndiye anayewajua kupita wote. Atakuambia nani hula punje na nani hula wadudu wa mpunga, kundi litatokea upande gani upepo ukigeuka, na kwa nini korongo domo-wazi haguswi. Ndege huyo ana mwanya katikati ya mdomo kama koleo lisilofunga sawasawa, na chakula chake ni konokono wa majini. Anapita shambani na kuacha mpunga kama alivyoukuta. Ukipiga picha mpige akiwa amebana konokono kwenye ncha ya mdomo, halafu urudi na picha iliyochapishwa umkabidhi aliyekuonesha. Hiyo ndiyo ada ya mwalimu.

Usiende kwenye dungu peke yako usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba wala watu waliua makumi ya watu Rufiji, baadhi yao wakiwa mashambani. Subiri kupambazuke, uongozane na mwenyeji.

Kanuni ya 5: Mtazame mmoja mpaka umjue

Anayepiga picha ndege 30 asubuhi moja hajamwona hata mmoja. Chagua mnana.

Dume huanza kwa kuuma ukingo wa kuti, kisha anaruka akiwa amelishikilia kwa mdomo, na ukanda mrefu mwembamba unachanika nyuma yake. Anaupeleka kwenye kijiti kinachoning’inia, anaufunga, anarudi kuchana mwingine. Kazi ya kwanza ni pete. Pete ikikamilika anasimama ndani yake, na kuanzia hapo miguu haihami. Anasuka mbele yake hadi mdomo unapofika. Ndiyo maana chumba kinatoka sawasawa na kimo chake bila futi wala timazi. Kikiwa bado kibichi ananing’inia mlangoni kichwa chini, mabawa yanatetemeka, akiwaita majike. Jike huingia, huvuta nyuzi moja moja kujaribu uimara, na mara nyingi huondoka bila neno. Kiota kikikauka bila mpangaji, dume anakibomoa kwa mdomo uleule aliokisukia na kuanza upya.

Subiri sekunde ile anayoning’inia na kufungua mabawa. Njano yake yote inapata jua. Ukimfuatilia mnana mmoja hivyo, utakuwa tayari kwa majirani zake: tiva, ambao dume na jike hupokezana sauti kwa haraka hata ukadhani anaimba mmoja, dudumizi, ambaye wakulima husikiliza mlio wake mzito wa kushuka wakingoja mvua, na hondohondo, ambaye jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kuatamia, akaacha ufa mwembamba tu wa kupokea chakula kutoka kwa mume.

Kanuni ya 6: Kamera uliyonayo inatosha kuanzia

Kama una simu tu, tafuta darubini ya 8 kwa 42, bana lenzi ya simu kwenye kioo cha nyuma cha darubini, uegemeze viwiko juu ya ukuta wa baraza. Picha zitakuwa na duara jeusi pembeni, likate. Kama una kamera, lenzi ya milimita 300 au 400 inatosha kwa uani. Weka spidi ya 1/1000 kwa ndege aliyetua na 1/2000 kwa anayeruka. Lenga jicho. Jicho likiwa kali, mkia uliofifia unasameheka. Jicho likififia, picha nzima imepotea.

Yangeyange ni mweupe mno kwa jua letu, kwa hiyo punguza mwanga hatua moja, la sivyo utapata ndege asiye na manyoya. Fanya kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Saa sita mchana pumzika, maana ndege nao wamejipumzikia kivulini. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, basi hifadhi vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kanuni ya 7: Mtoni, wa kuogopwa kwanza ni mamba

Rufiji ina mamba na viboko wa kutosha kumaliza hobi yako kwa siku moja. Usikae majini, usipige magoti ukingoni kutafuta pembe nzuri, na njia ya viboko kurudi mtoni uiache wazi asubuhi. Keti juu, mahali ambapo wenyeji wanapita.

Furukombe hurudi kwenye tawi lilelile. Akiondoka leo, kesho njoo kabla yake, kaa jua likiwa mgongoni mwako, umngoje. Anapolia hutupa kichwa nyuma mpaka koo lote jeupe linaonekana. Anapoanza kuinama mbele, weka kidole tayari, anakaribia kushuka. Mdiria mweusi na mweupe ana mtindo wake: anasimama hewani juu ya maji kwa kupiga mabawa, anajitupa, kisha hupigiza samaki tawini kabla ya kummeza kichwa mbele. Kingo za udongo zenye matundu mengi ni nyumba za keremkerem. Usisimame juu yake, udongo huo unabomoka na chini yako kuna makinda.

Kanuni ya 8: Delta ina saa yake

Kutoka bandari ya Nyamisati boti huingia kwenye delta ya Rufiji, ambako kuna msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini. Eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2004, na kati ya Oktoba na Aprili utaelewa sababu. Sululu na vitwitwi hujazana kwenye matope, na baadhi ya vitwitwi hao walianguliwa Siberia miezi michache tu kabla.

Kalenda ya huko ni bamvua na maji mafu. Maji yakipwa kabisa, ndege wametawanyika mbali, wewe unazama matope. Maji yakianza kujaa, yanawasogeza taratibu kuelekea ulipo. Mwambie nahodha azime injini mapema na kuacha mkondo uwasogeze. Nahodha anayekimbiza kundi ili uwapate wakiruka usimpe bakshishi. Vitwitwi hawa wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa bila sababu wanachoma akiba hiyo.

Kanuni ya 9: Ndege akiacha shughuli yake, picha imeshaharibika

Hii ndiyo kanuni inayozibeba nyingine zote. Picha ya ndege anayekutazama kwa hofu haina thamani. Ukimwona amenyoosha shingo, ameacha kulisha, au anapiga kelele huku akizunguka, rudi nyuma.

Kiota usikikatie matawi ili kionekane. Mwewe na kunguru nao wana macho. Usicheze sauti ya ndege kwenye simu msimu wa kutaga, kwa kuwa dume ataacha makinda akaenda kupigana na mpinzani asiyekuwepo. Watoto wa jirani wakija na ulimbo au manati, usiwafokee. Wape darubini kwa zamu. Kijana aliyeona jicho la chozi kwa karibu ana sababu ya kusita kabla ya kuvuta mpira. Na wakubwa wakumbushwe kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata ndege wa porini.

Kuhusu bundi nasema waziwazi: aachwe. Watu wengi humrushia mawe wakiamini ameleta msiba. Bundi wa darini amefuata panya, na panya wamefuata mpunga uliohifadhi. Ukimfukuza, panya wanabaki, na gunia linalotobolewa ni lako. Mpige picha jioni anapotoka, bila kumwashia taa kali usoni.

Mahali pa kwelea waliopuliziwa dawa pasikuvutie. Fenthion inayonyunyizwa kwenye malalo yao huua pia mwewe na bundi wanaookota mizoga. Usiguse, usile, usiruhusu kuku wako wafike.

Kanuni ya 10: Picha isiyo na tarehe ni pambo tu

Rufiji inabadilika mbele ya macho yetu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti. Mto huu umelisha mpunga, samaki na ndege kwa kupanda na kushuka kwake. Ndege wanaotaga kwenye mafungu ya mchanga msimu wa kiangazi, akina yule mwenye mdomo wa chini mrefu kuliko wa juu, wanategemea maji yashuke kwa wakati wake.

Hapo ndipo picha zako za uani na mtoni zinapopata kazi. Zikiwa na tarehe, mahali na maelezo ya alichokuwa anafanya ndege, zinakuwa ushahidi. Ziweke kwenye eBird, hifadhi ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002 na isiyodai malipo, na zibaki pia kwenye daftari la nyumbani kwako. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na wataalamu wote wa nchi hii hawawezi kukaa Ndundu mwaka mzima. Wewe unaweza.

Basi, mwenye nyumba ya shamba, leo hii tenga daftari moja. Andika nani alikuja kunywa, nani alijenga kwenye mnazi, nani hakuonekana mwaka huu. Mpe mwamia ndege wa jirani nafasi ya kukusahihisha. Na mnazi wenye viota vya mnana usiukate.